Sarakasi chini ya paa la kuazima: kwa nini watazamaji wawili huona maonyesho mawili tofauti

Watazamaji wawili wanatoka kwenye onyesho moja la sarakasi, usiku mmoja, ukumbi mmoja. Wa kwanza anasema hajapata kuona maajabu kama yale tangu azaliwe. Wa pili analalamika kwamba shingo inamuuma, kwamba alikaa nyuma ya jamaa mrefu, na kwamba ule mchezo aliouona kwenye tangazo haukuchezwa kabisa. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti yao haikutokana na ladha bali na jengo.

Arena, yaani ule ukumbi mkubwa wa ndani wa michezo, haikujengwa kwa ajili ya sarakasi. Huko Amerika Kaskazini nyingi zimejengwa kwa ajili ya hoki ya barafu na mpira wa kikapu. Uwanja wa hoki wa ligi ya NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Wa kikapu, kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ni mita 28 kwa 15. Viti vimepangwa kuuzunguka mstatili huo ili kila mtu auone mpira ukitembea sakafuni. Sarakasi inataka kinyume chake: macho yaelekee mahali pamoja, kisha yapande juu. Kwa hiyo kampuni inayozunguka inakuja na ukumbi wake ndani ya malori, inautundika chini ya paa la watu kwa siku nne tano, inautungua, inaondoka. Karibu kila kinachomfurahisha mtazamaji au kumuudhi kina mzizi katika kazi hiyo ya kutundika na kutungua.

Kutoka hemani

Mfano ulio wazi zaidi ni Cirque du Soleil, iliyoanzishwa mwaka 1984 huko Baie-Saint-Paul katika jimbo la Québec, Kanada. Kwa miaka mingi maonyesho yake ya kuzunguka yalichezwa kwenye hema kubwa lenye viti 2,600 hivi. Hema lilikaa katika mji mmoja kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na lilibeba kila kitu chake: viti, jenereta, jiko, vyoo. Mwaka 2007 onyesho la Saltimbanco lilitolewa hemani likaingizwa kwenye arena, na mengine yakafuata. Ovo, iliyoanza hemani mwaka 2009, ilihamia arena mwaka 2016. Corteo ya mwaka 2005 ilihamia mwaka 2018. Mwaka 2017 kampuni ilitoa Crystal, onyesho lake la kwanza la kuchezwa juu ya barafu, na hilo lisingewezekana bila majengo ambayo tayari yana barafu.

Hesabu ya biashara ni nyepesi. Mji wa kati hauwezi kujaza hema kwa wiki sita, lakini unaweza kujaza ukumbi kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Viti vipo, umeme upo, vyoo vipo. Malori 20 hivi yanaingia, jukwaa linaundwa kwa takriban saa 12, na baada ya onyesho la mwisho linabomolewa kwa saa tatu au nne tu.

Anayelipia nafuu hiyo ni mtazamaji, na analipa kwa umbali. Hemani jukwaa ni la mviringo na watu wamelizunguka pande nyingi, hivyo hata safu ya mwisho haiko mbali. Kwenye arena, mpango wa kawaida ni jukwaa kuwekwa upande mmoja wa mstatili, pazia jeusi likafunika viti vya nyuma yake na mara nyingi ngazi zote za juu. Mtu aliyekaa upande wa pili kabisa anaweza kuwa mita 50 au zaidi kutoka kwa msarakasi. Corteo ilitafuta njia nyingine: jukwaa lake linaukata ukumbi katikati, nusu ya watazamaji wakiwaelekea nusu wenzao. Umbali unapungua sana, ila ujue kwamba nyuma ya kila mchezo utakuwa unaona nyuso za watu kama wewe. Wengine huwasumbua. Kwa maoni yetu inaleta joto fulani ambalo jukwaa la upande mmoja haliwezi kulileta, kwa sababu unamwona mwanasarakasi na pia unaona jinsi anavyowashika watu.

Paa ndilo lenye amri

Siku ya kuunda jukwaa, kazi inaanza alfajiri sakafu ikiwa tupu. Fundi mkuu wa kamba anatembea na ramani, kipimo na chaki. Kila mahali ambapo kitu kitaning'inia anachora alama sakafuni, na pembeni yake anaandika uzito na urefu wa waya. Juu, wenzake wanatembea kwenye boriti za paa wakiwa wamejifunga mikanda ya usalama. Wanateremsha kamba, wa chini anafunga waya wa chuma na ndoano ya mnyororo, wa juu wanavuta kwa mikono na kuuzungushia waya kwenye boriti. Kisha mota za umeme, nyingi zikiwa na uwezo wa tani 1 kila moja, zinapanda zenyewe kwenye minyororo yao zikiwa zimebeba fremu za alumini zenye taa, spika, mapazia na vifaa vya wanasarakasi.

Shida ni kwamba hakuna paa linalofanana na lingine. Alama ya chaki ikiangukia chini ya boriti, vizuri. Ikiangukia katikati ya boriti mbili, mafundi wanafunga nyaya mbili zinazokutana chini kama herufi V. Hapo pembe ndiyo yenye hatari. Nyaya zikiwa karibu wima, kila moja inabeba nusu ya mzigo. V ikipanuka hadi nyuzi 120, kila waya unabeba mzigo wote, kana kwamba mwenzake hayupo, na boriti zinavutwa kwa ndani. Kwa hiyo yapo majengo ambayo mhandisi wake atasema hapana, na kampuni italazimika kusogeza kitu, kukishusha, au kukiacha ndani ya lori.

Ongeza kwamba mtu anayebembea si mzigo uliotulia. Mwanasarakasi wa kilo 70 akianza kubembea kamba ikiwa imelala sawa na sakafu, anapofika chini kabisa kamba inavutwa kwa nguvu ya mara tatu ya uzito wake, kama kilo 210. Akianzia nyuzi 60 kutoka wima, ni mara mbili. Akijiachia na kudakwa ghafla, nguvu inaruka zaidi ya hapo kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo maana desturi ya kazi kwa vifaa vinavyobeba watu ni kuvichagua viwe na uwezo wa mara 10 ya mzigo unaotegemewa.

Hata hivyo nguvu ya chuma peke yake haitoshi, kama namna ya kukifunga ni mbaya. Mei 2014, mjini Providence nchini Marekani, wanasarakasi wanawake wanane wa Ringling Bros., kampuni ya sarakasi ya Marekani, waliokuwa wananing'inia kwa nywele walianguka pamoja baada ya karabina moja kukatika. Karabina ni ile pete ya chuma yenye mlango, na imetengenezwa kuvutwa pande mbili tu, juu na chini, kwa kufuata uti wake. Uchunguzi wa OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, ulikuta kwamba ile ilikuwa inavutwa kutoka pande tatu. Hilo halikuwa kosa la mwanasarakasi yeyote, na hakuna mtazamaji ambaye angeliona kutoka kitini.

Na sakafu je? Hemani, kamba za kukazia vifaa hufungwa kwenye vyuma vilivyopigiliwa ardhini. Kwenye ukumbi wa hoki huwezi kutoboa hata tundu moja, kwa kuwa zege lile lina mabomba ya baridi yanayogandisha barafu. Kamba zote za kukazia lazima ziishie kwenye fremu ya jukwaa lenyewe au kwenye vizito. Ukiona jukwaa la arena ni nene na zito kuliko ulivyotarajia, sababu ni hiyo: sehemu kubwa ya unene wake ni nanga.

Basi ukae wapi?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu wananunua kiti cha karibu wakidhani ndicho kiti bora.

Viti vya sakafuni, vile vya bei ya juu, mara nyingi ni vya kupangwa tu juu ya sakafu bapa. Hakuna mwinuko. Kuanzia safu ya tano au ya sita unatazama kati ya vichwa, na mchezo wowote wa chini, kama wa kuchezesha vitu kwa miguu ukiwa umelala chali au wa kujikunja viungo, unakupotea nusu. Safu za mwanzo kabisa zina tatizo la pili. Mtu aliyekaa ana macho yake kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Msarakasi akiwa mita 10 juu na wewe uko mita 5 kutoka chini yake, unalazimika kuinua macho nyuzi 60. Dakika tano utavumilia. Mchezo wa pili wa angani shingo inaanza kudai haki yake. Ukirudi nyuma hadi mita 20, pembe inashuka hadi nyuzi 24 hivi na kichwa kinatulia.

Kiti tunachokipendekeza kwa jukwaa la upande mmoja ni cha ngazi ya chini ya viti vya kudumu, vile vyenye mwinuko, safu ya nane hadi ya kumi na tano, upande unaolitazama jukwaa au robo ya kando yake. Unamwona mtu wa chini na wa juu kwa mtazamo mmoja, na mpangilio wa wachezaji wengi kwa pamoja unaonekana kama ulivyochorwa. Kando kabisa, sambamba na ukingo wa jukwaa, utapata punguzo, lakini mandhari ya nyuma hutaiona na utawaona watu wakisubiri zamu gizani. Kwa anayependa kujua mambo yanavyokwenda, hiyo si hasara.

Ngazi ya juu ina mtego wake. Fremu za taa zinaning'inia kati ya paa na jukwaa. Ukikaa juu kuliko fremu, mwanasarakasi anapopanda kilele anaingia nyuma ya vyuma na wewe unabaki unaangalia migongo ya taa. Tiketi ikiandikwa kwamba mwonekano una kizuizi, usiichukulie kama maneno ya kisheria tu.

Kabla ya kulipa, fungua ramani ya viti ya onyesho lenyewe, si ya ukumbi kwa jumla, maana ukumbi ule ule una ramani moja ya kikapu na nyingine ya sarakasi. Tafuta jukwaa liko wapi. Kama limekaa katikati na viti viko pande zote mbili, hakuna nyuma wala mbele, na katikati ya kila upande ndiyo bora. Angalia pia saa kwa makini: 19:30 ni saa moja na nusu usiku, na milango hufunguliwa kama dakika 60 kabla. Anayechelewa hazuiliwi mlangoni kwa ukali wa bure. Vijia vya kati ya viti ni sehemu ya onyesho. Watu wanakimbia humo gizani, wengine wakiwa wamebeba wenzao, na mgongano mmoja unatosha kumvunja mtu kifundo cha mguu.

Kichekesho kinafanya kazi gani

Malalamiko ya kawaida: wachekeshaji wanajivuta mno, tulilipia kuona watu wakiruka. Lakini mtazame mchekeshaji huku jicho moja likiwa gizani nyuma yake. Utaona watu wa mavazi meusi wakikunja mkeka, wakikaza nyaya, wakivuta wavu kona kwa kona, na mmoja wao akikagua kila kiungo kwa mkono kisha akiinua kidole gumba. Kubadilisha vifaa vya mchezo mkubwa kunachukua dakika kadhaa. Mchekeshaji anazinunua dakika hizo, na kazi yake ina ugumu wa pekee: lazima arefushe au afupishe bila wewe kugundua, kwa kufuata ishara kutoka pembeni. Nati ikigoma kukaza, yeye ndiye anayebaki na watu maelfu mikononi mwake.

Mapumziko nayo, kwa kawaida dakika 20, yamewekwa mahali ambapo badiliko kubwa kuliko yote linahitajika. Ndiyo sababu kipindi cha pili mara nyingi huanza na kifaa kizito ambacho kipindi cha kwanza hakikuwepo.

Mbona hana wavu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake si ujasiri. Kila mchezo una ulinzi wake, na ulinzi wa mchezo mmoja ni hatari kwa mwingine. Bembea za kurukiana zina wavu, kwa sababu anayekosa kudakwa anaanguka kutoka juu na mahali atakapoangukia panajulikana. Wavu wenyewe si godoro. Unatakiwa kuangukia mgongo, mikono imekusanywa. Ukitua kwa miguu au kwa goti unaweza kuumia vibaya au kurushwa nje. Kutua wavuni kunafundishwa kabla ya kuruka.

Kwenye ule ubao unaofanya kazi kama mizani, mmoja akirukia upande huu na mwenzake akirushwa upande ule, kinga ni mikeka minene na watu. Hawa ndio watu ambao watazamaji hawawaoni. Wamevaa mavazi ya onyesho, wanatabasamu, wanacheza kidogo, lakini angalia miguu yao: mmoja mbele, magoti yamelegea, macho hayaachi mwili ulioko juu. Kazi yao ni kumsukuma anayeanguka vibaya arudi kwenye mkeka na kuvunja kasi yake, si kumdaka kama mtoto. Kamba ya usalama inayofungwa kiunoni hutumika katika baadhi ya michezo, ila anayezunguka na kujipinda hewani kwa pamoja ataviringishwa nayo, na kamba ikimkaba njiani ni mbaya kuliko kuanguka mkekani.

Kuna michezo ambayo mwili wenyewe ndio kifungo. Kwenye vitambaa virefu, mwanasarakasi anajiviringisha kwa mpangilio maalumu, kisha anajiachia na kushuka kwa kasi hadi fundo linamshika kiunoni au pajani, mita chache kutoka sakafuni. Ukitaka kujua kama atashikwa, usitazame uso, tazama nyonga: mzunguko mmoja ukikosekana pale, hakuna cha kumshika.

Hapa pia ndipo linapoingia suala la simu. Mtu anayepinduka hewani haruki kwa kukisia. Katika kila mzunguko anaitafuta alama aliyoizoea, taa fulani au ukingo wa ubao, na kwa hiyo anajua wakati wa kufungua mwili. Mwanga mkali wa kamera gizani unaacha doa jeupe machoni kwa sekunde kadhaa, na mzunguko mzima hauchukui hata sekunde moja. Marufuku ya mwanga wa kamera ipo kwa ajili ya shingo ya mtu. Tunaomba iheshimiwe hivyo.

Mchezo ulioukosa, na mchezo uliorudiwa

Umeona kwenye bango mwanamke akining'inia kwa mkono mmoja, umekuja, hakutokea. Kampuni za kuzunguka hucheza mara nyingi kwa wiki, siku nyingine mara mbili, na bega linalouma Jumamosi mchana huweza kumwondoa mtu Jumamosi usiku. Kwa hiyo kila onyesho kubwa lina michezo ya akiba, na orodha ya usiku huo hupangwa upya baada ya watu wa tiba ya viungo kusema nani anafaa. Wakati mwingine kilichoondoa mchezo ni paa, kama tulivyoeleza. Mara nyingi masharti ya tiketi yanasema kwamba michezo inaweza kubadilika, kwa hiyo fedha hairudishwi kwa sababu hiyo. Anayetaka kwa dhati kuona mchezo mmoja maalumu ajue anacheza bahati nasibu.

Kosa linaporudiwa ni jambo jingine. Mtu akianguka, akasimama, akainua kidole kuomba tena, ukumbi mzima unamshangilia kuliko ambavyo ungemshangilia angefaulu mara ya kwanza. Katika sarakasi za zamani wapo waliokosea kwa makusudi ili kupata kelele hizo. Namna ya kutofautisha: kosa la kweli linafuatwa na ukaguzi. Anagusa kifaa, anapaka tena unga wa magnesi mikononi, walinzi wake wanasogea hatua moja karibu, muziki unazungushwa mahali pamoja ukimsubiri. Kosa la kuigiza linaingia sawasawa na muziki. Na ukiona anashindwa mara ya pili, akainama na kutoka, usimzomee. Amekataa kujaribu akiwa amechoka, na huo ndio uamuzi sahihi.

Sauti, baridi, ukungu

Ukumbi wa zege na vyuma unarudisha sauti kwa muda mrefu. Kelele za mashabiki wa kikapu hunoga kwa mwangwi. Maneno ya wimbo hupotea. Usitegemee kusikia hadithi yote, na wala usijisikie umepitwa, maana maonyesho mengi ya aina hii yanaimbwa kwa lugha zilizochanganywa au za kubuni. Pia sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde. Ukiwa mita 60 kutoka jukwaani, kishindo cha miguu kutua kinakufikia sekunde 0.17 baada ya macho kuona. Ndiyo maana kwa mbali watu huonekana kama wanatua juu ya sufi.

Baridi ni ya kweli. Katika kumbi zenye timu ya hoki, barafu mara nyingi haiyeyushwi. Inafunikwa kwa mbao maalumu, na viti vya sakafuni viko juu yake. Mtu aliyezoea joto la Mombasa au Muscat aje na koti na soksi nzito. Ukungu unaofanya miale ya taa ionekane hutolewa na mashine. Si moshi wa moto, lakini mwenye pumu akae na dawa yake mkononi badala ya kuiacha kwenye koti lililowekwa kaunta. Taa za kumweta hutumika pia, na mwenye kifafa au mzazi wa mtoto mwenye kifafa aulize ukumbi mapema ni kipindi gani. Hewa ya mashine za kupoza nayo ina neno lake: inaweza kuyumbisha kitambaa chepesi au puto. Kwenye Corteo kuna sehemu ambapo mwanasarakasi mdogo wa umbo anaelea juu ya watu akiwa amefungwa kwenye maputo ya heliamu, na watazamaji wanamsukuma kwa viganja kupitia nyayo zake. Akija upande wako, mkono wazi, msukumo wa polepole kuelekea juu. Usimshike mguu.

Kwa jicho la Afrika Mashariki

Mtazamaji wa Kiswahili anaingia ukumbini akiwa na faida moja. Sarakasi ameiona kwa karibu: ufukweni, uwanja wa shule, hotelini, au pale Sarakasi Dome, Ngara, Nairobi. Katika miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza fani hii, na alama za mafunzo hayo zimebaki: minara ya watu, kusimama juu ya viti vilivyopandishwa, kuruka kupitia pete. Sarakasi Trust imekuwa ikifunza Nairobi tangu mwaka 2001, na Dar es Salaam nayo imetoa wanasarakasi wengi wanaocheza Ulaya na kwingineko. Jengo la aina tunayoizungumzia nasi tunalo, BK Arena ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2019 na yenye viti 10,000.

Lakini faida hiyo inageuka usipochagua kiti vizuri. Chukua mchezo wa kusawazishana kichwa kwa kichwa, uliowapa Watanzania wawili, Ramadhani Brothers, ushindi wa America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024. Mmoja amesimama, mwenzake yuko juu yake miguu angani, vichwa vimegusana, na wa chini anapanda ngazi. Kanuni ya mchezo huu ni kwamba anayesawazisha ni mmoja tu, wa chini. Wa juu anakaza mwili kuwa kijiti kimoja na kuzuia kila hamu ya kujirekebisha; akijirekebisha wakati mwenzake anamrekebisha, wawili wanavutana na mnara unakwenda. Kazi yote iko kwenye vidole vya miguu ya wa chini, vinavyobana na kuachia, na kwenye misuli midogo ya shingo. Kamera ya televisheni inakupeleka hadi pale. Kutoka mita 50 unaona watu wawili wametulia, basi.

Kwa hiyo onyesho likiwa na bembea, ubao wa kurusha na kuta za kudundia, umbali haukudhuru. Michezo hiyo imekusudiwa macho ya mbali. Likiwa limejaa kusawazisha, kujikunja viungo na minara ya watu, sogea karibu au beba darubini ndogo ya kukuza mara 8. Kwenye mnara wa watu iangalie safu ya chini, hasa wa katikati. Uzito haugawanyiki sawa. Mwingi unamshukia yeye, na ndiye wa mwisho kuachiwa wakati wanapobomoka.

Kama tiketi yako ni ya onyesho la mwisho la Jumapili, utaona wahudumu wanakuhimiza utoke taa zikiwa ndiyo kwanza zinawaka. Malori yameshageuzwa kinyumenyume mlangoni na saa imeanza kuhesabiwa. Usitoke kwa lango la chini lililo karibu na njia ya malori, utakwama. Panda ngazi, tokea juu, na ukifika mlangoni geuka utazame nyuma. Fremu iliyokuwa angani usiku kucha inashuka polepole kwa mota zake zote kwa pamoja hadi usawa wa kifua cha mtu, na mafundi wenye kofia ngumu wanaingia chini yake wakifungua karabina moja baada ya nyingine.